Tunafuata kura za viti, tunaacha kura za sheria

Septemba 2025, wakati Vital Kamerhe aliacha kiti cha prezida wa Bunge la taifa, hapa Lubumbashi watu wengi walifurahi wakisema madepite wameamka. Petisyo zilikuwa zimesainiwa na madepite zaidi ya 200, maneno yalizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp usiku na mchana, nani amesaini, nani amejitoa, nani wa jimbo letu la Haut-Katanga yuko upande gani, na tarehe 22 mwenyewe akapanda mbele ya wenzake kusema anajiuzulu. Watu wakasema, munaona sasa, depite wetu naye alisaini, huyu njo wa kurudisha Bungeni kwa uchaguzi wa 2028. Mimi naona ile mambo tuliisoma vibaya. Kamerhe aliondoka mbele ya kura ya kumutoa, kwa hiyo hakuna depite aliyeitwa kusema ndiyo ao hapana juu yake, na ata kama kura ingefika ingekuwa ya siri ju ilikuwa inahusu mtu. Tulimusifu depite kwa kura ambayo haikupigwa, na kama ingepigwa hatungeijua.

Kumpima kiongozi kwa kura zake bungeni ni haki yetu, na mimi naamini njo kipimo kizuri kuliko vingine vyote tulivyo navyo. Shida ni kwamba tunachagua kura zisizofaa. Tunafuata kwa nguvu kura za viti, zile ambazo Katiba yenyewe inaficha jina la mupigaji, alafu tunaacha zipite kimya kura za sheria na za bije, yaani bajeti ya nchi, zile ambazo Katiba ileile inaagiza jina liitwe na jibu litoke kwa sauti. Tunapima pale hakuna kitu cha kupima, na pale kipo tunaenda kulala.

Turudi kwenye maandiko kidogo. Katiba ya 18 Februari 2006 inataja namna nyingi za kupiga kura bungeni: kunyosha mukono, kusimama na kukaa, kuita majina, karatasi ya siri, ao mashine. Lakini inaweka mipaka. Kama ni kura juu ya mtu, ni siri. Kama ni sheria nzima, yaani artikli zimekwisha kupita moja moja na sasa inabaki kukubali ao kukataa maandiko yote pamoja, ni kwa kuita majina na kwa sauti. Waliotunga hiyo kanuni walijua wanafanya nini: mtu asilipiziwe kisasi ju hakumupenda prezida wa Bunge, lakini sheria inayomugusa mwananchi ipigiwe kura mbele ya macho ya mwananchi.

Sasa angalia vile sisi tunaishi nayo. Tarehe 10 Desemba 2020 Jeanine Mabunda, aliyekuwa prezida wa Bunge, alianguka kwa kura 281 dhidi ya 200. Wakati ule FCC, muungano wa vyama vya Joseph Kabila, ilikuwa na madepite zaidi ya 300 kwenye viti 500, maana yake makumi na makumi ya watu wa FCC wenyewe walimuangusha mutu wao. Nani? Hatujui mpaka leo. Kila mumoja alirudi kwao na hadisi mbili mukononi, kwa mukubwa wa chama anasema siyo mimi, kwa wapiga kura anasema ni mimi. Tuhuma za pesa nazo zilizunguka, na kura ya siri haiwezi kukusaidia kuzihakikisha wala kuzikanusha. Wiki chache nyuma yake, 27 Januari 2021, mosyo ya sansiri, yaani kura ya kutokuwa na imani, ikamuangusha waziri mukuu Sylvestre Ilunga Ilunkamba, muzee wa kwetu Katanga, kwa kura 367 kati ya 382. Alafu 26 Aprili waziri mukuu mupya Sama Lukonde, naye wa kwetu, akapokelewa na 410 kati ya 412. Bunge lileile, watu walewale tuliowachagua Desemba 2018. Na baada ya uchaguzi wa 2023, serikali ya Judith Suminwa ikapita Juni 2024 kwa 397 kati ya 405.

Hizi nambari zinasema nini juu ya depite wako wa Kampemba ao wa Kasenga? Karibu hakuna. Wakati watu 410 wanasema ndiyo na wanaobaki wanahesabika kwa vidole, ile ndiyo haimutofautishi mutu na mwenzake. Ndani yake kuna anayeamini kweli programu ya serikali, kuna anayengoja uwaziri, kuna anayeogopa chama, kuna ambaye hakufungua ata karatasi. Ile kura inakuonyesha wapi upepo ulikuwa unavuma siku ile na inaishia pale. Njo maana mtu anayeniletea orodha ya "depite fulani alipigaka ndiyo kwa kila kitu" kama ushahidi wa usaliti, namwambia ngoja, karibu wote walipiga ndiyo. Na anayeniletea mwingine kama shujaa ju hakuonekana siku ya kura, namwambia pia ngoja. Kutokuwepo kuna aina. Januari 2015, wakati sheria ya uchaguzi ilitaka uchaguzi ungoje mpaka watu wahesabiwe kwanza, opozisyo ilitoka ndani ya Bunge na ikasema wazi ju ya nini inatoka, ile ni musimamo, ata kama sheria ilipita bila wao na ni Senat iliyokuja kuondoa kile kipande kisha watu kumwaga damu barabarani. Depite ambaye siku hiyohiyo yuko Dubai kwa mambo yake, tutamuandika kwenye safu ileile ya wasiokuwepo?

Tuchukue kitu kinachotugusa sisi huku. Artikli 175 ya Katiba inasema sehemu ya majimbo kwenye mapato ya taifa ni asilimia 40, na kwamba inakatwa pale pale pesa inapoingia, mbele haijapanda Kinshasa. Tangu serikali za majimbo zilipoanza 2007, Katanga inalilia ile 40. Kile tulipata ni retrosesyo: pesa inapanda yote, kisha inarudi kidogo, siku Kinshasa inapotaka. Tumelaumu maprezida, tumelaumu mawaziri wa fedha, tumelaumu magavana. Lakini bije ni sheria. Kila mwaka serikali inaileta Bungeni Septemba, sesyo yote mpaka 15 Desemba iko kwa ajili yake, na mwisho inapigiwa kura kama sheria nzima, na kwa hiyo jina linapaswa kuitwa na jibu kusikika. Hesabu tangu 2007 ni bije ngapi zimepita na artikli 175 iko inalala. Ndani ya kila moja kuna ndiyo za madepite wa Katanga, wa mbele ya kugawanya jimbo na wa nyuma yake. Mimi nauliza kwa moyo wote, nani hapa Lubumbashi anaweza kunitajia, bila kutafuta, depite mumoja wa kwetu aliyekataa bije ju ya asilimia 40, na mwaka gani? Hatuwezi kutaja, na sababu kubwa ni kwamba siku ile hakuna aliyekuwa anaandika majina. Tulikuwa tunangoja kujua nani atakuwa kwestere, mwenye kusimamia pesa, katika biro ya Bunge.

Na bije inatufundisha kitu kingine ambacho watu wa kuhesabu ndiyo na hapana wanakiruka. Katiba inasema kama bije ililetwa kwa wakati na haikupigiwa kura mbele mwaka mupya haujafunguka, prezida wa Jamhuri anaiweka kwenye kazi, lakini kwa kuzingatia marekebisho ambayo mabaraza mawili yamekwisha kupitisha. Soma tena hiyo. Hapana ya mwisho haiwezi kuzuia bije milele, ila marekebisho yaliyopita yanabaki. Kwa hiyo depite anayepiga hapana kali mbele ya kamera lakini katika komisyo ya uchumi na fedha hakuleta ata mstari mumoja, amefanya kazi ndogo kuliko mwenzake aliyepigania pesa za barabara ya Kasomeno mezani, akapata nusu, alafu mwisho akasema ndiyo. Kwenye orodha ya WhatsApp wa kwanza ni shujaa na wa pili ni kibaraka.

Kodi ya migodi ni mfano ulio wazi zaidi kwa sisi tunaoishi na vumbi la hiyo migodi. Kode ya 2002 ilikuwa tayari imesema kwenye redevansi, malipo ambayo kampuni inatoa juu ya madini, asilimia 25 ni ya jimbo na 15 ni ya muji ao teritware ambamo mugodi uko. Kwenye karatasi. Ndani ya maisha pesa ilikuwa inalipwa Kinshasa na teritware ilikuwa inangoja kitu ambacho hakifiki. Kode mupya ya 9 Machi 2018 ilipandisha redevansi ya shaba kutoka asilimia 2 mpaka 3,5, ikagawanya upya, 50 kwa serikali ya kati, 25 jimbo, 15 komini, sheferi ao sekta ambamo mugodi uko, 10 mufuko wa vizazi vijavyo, na jambo kubwa kuliko yote, ikasema kampuni ilipe kila mumoja sehemu yake moja kwa moja. Ile asilimia 15 haikuongezeka ata kidogo. Kilichobadilika ni njia ya pesa kupita na nani anaipokea, na hiyo ni sentensi ndani ya artikli, kitu cha kufanyiwa kazi katika komisyo, pale hakuna televizyo. Ukisoma tu nani alisema ndiyo mwanzoni mwa 2018 hutajua nani alipigania ile sentensi, na nani alikuja siku ya mwisho kupaza sauti. Kwa hiyo nakubali, tena nakubali kabisa, kwamba kura ya mwisho peke yake haielezi kazi ya depite. Hii njo hoja yenye nguvu kuliko zote za wale wanaokataa kupima watu kwa kura, na dawa yake ni kuomba vitu vingi zaidi: ripoti za komisyo, marekebisho na jina la aliyeyaleta.

Kuna pia kura moja inayobeba vitu vingi. Januari 2011 Bunge na Senat walibadilisha artikli nane za Katiba kwa mupigo mumoja. Tunakumbuka tu ile ya kuchagua prezida kwa duru moja. Lakini ndani ya furushi lileile mulikuwa artikli 110, ambayo sasa inamuruhusu depite aliyeitwa uwaziri arudilie kiti chake wakati uwaziri umekwisha, na artikli 226, ambayo iliondoa muda uliokuwa umewekwa kwa kugawanya majimbo, ile kugawanya iliyokuja kutufikia 2015 na kukata Katanga vipande vine. Mutu aliyesema ndiyo siku ile alisema ndiyo kwa faida yake mwenyewe na kwa hatima ya jimbo letu kwa pumzi moja. Wamarekani nao wanalijua hili. John Kerry, aliyegombea uprezida mwaka 2004, alichekwa kampeni nzima ju alipiga kura ya kukubali, kisha ya kukataa, pesa zilezile za vita ya Iraki, dolari milyare 87. Lakini zilikuwa ni pendekezo mbili tofauti: alikubali ile iliyosema pesa zitoke kwa kuondoa punguzo la kodi la matajiri, na ile ya mwisho haikuwa na hiyo sharti, akakataa. Wapinzani wake walipata sentensi ya kumumaliza nayo, na maelezo yake yalikuwa marefu sana kwa kampeni.

Wengine wananiambia kura si za depite, ni za chama. Hii ina ukweli. Katiba inasema depite anayeacha chama chake kwa hiari anahesabiwa ameacha na kiti, nafasi anayoipata kwenye liste inategemea mukubwa wa regrupema, yaani kundi la vyama, na nyuma yake amekaa suplea, mwenye kurithi kiti, anayengoja, mara mingi mutoto ao ndugu yake mwenyewe. Lakini angalia kile kilichotokea mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021. Watu walewale waliotuambia wamefungwa na FCC walihamia Union sacrée, kambi mupya ya Prezida Tshisekedi, kwa wiki chache, mamia, na Korti ya Katiba ikakubali waunge wingi mupya bila kupoteza kiti. Kwa hiyo kamba ya chama ilikuwepo, lakini siku walipotaka kuifungua ilifunguka. Mutu aliyeweza kuhama kambi nzima hawezi kutuambia kwamba hakuweza kusema hapana kwa bije moja.

Kuna wanaosema majina yakitoka watu watapata shida. Hoja hii siichezei. Katiba inalinda depite asifuatwe ju ya maoni ao kura alizotoa katika kazi yake, lakini Jean-Marc Kabund, aliyekuwa makamu wa kwanza wa Bunge, alikamatwa Agosti 2022 ju ya maneno juu ya mukubwa wa nchi na mwaka uliofuata akahukumiwa miaka saba, na alikuwa bado depite. Woga una sababu. Lakini kwa mambo ya watu Katiba imekwisha kutoa siri. Kwa sheria, ukificha jina unamuficha depite kwa mwananchi peke yake, ju wakubwa wa chama wana watu wao ndani ya sale, wao wanajua nani alisema nini.

Ile hoja dhaifu kuliko zote njo inayosikika sana kwetu, sokoni, kilioni, kwenye kanisa: "Kura iko na faida gani? Ule depite alituleteaka nini?" Maana yake foraji ya maji, transfo ya umeme, sako ya bunga, kikwembe cha 8 Machi. Mama anayeuliza hivyo simulaumu, yeye anaishi bila maji na sako ya bunga ikipanda bei ni watoto wake wanaolala na njaa. Lakini wanasiasa wanaoipanda hii hoja vichwani mwetu wanajua wanachofanya. Depite hana bije ya kujenga. Barabara ni ya serikali ya kati ao ya jimbo, maji ya mutaa ni ya wengine, soko ni ya komini. Foraji anayoleta inatoka kwenye mufuko wake ao wa rafiki yake, na anaweka picha yake juu. Ile inayotoka kwa kura yake ni kubwa mara elfu: asilimia 40 ya jimbo zima dhidi ya transfo moja ya avenue moja. Anayekubali tumupime kwa transfo ametoka kwenye mtihani wa kweli, na sisi njo tunamufungulia mulango. Na kisha transfo inamufanya kuwa wa kwetu tu, wakati Katiba inasema depite wa taifa anawakilisha taifa. Tangu 6 Mei 2021 ndugu zetu wa Kivu ya Kaskazini na Ituri waliwekwa chini ya etat de siège, yaani utawala wa jeshi, na Bunge lilikuwa linairefusha siku 15 kwa siku 15, mara makumi. Madepite waliochaguliwa hapa Lubumbashi walikuwa wanapiga kura juu ya nani atahukumu raia wa Beni, hakimu wa raia ao wa jeshi. Hakuna mkutano hapa muji ambapo nilisikia mutu akiwauliza walipiga nini na ju ya nini.

Kuna pia mashimo ambayo orodha ya kura haitaonyesha kamwe. Ile pendekezo ya sheria inayoitwa ya Tshiani, ya kusema prezida azaliwe na baba na mama Wakongomani, iliingia Bungeni 2021, ikatikisa Katanga yote ju kila mutu alijua inamulenga Moïse Katumbi, gavana wetu wa zamani ambaye baba yake alikuwa mugeni, na haikufika kwenye kura. Madepite wengi waliponea pale, hawakusema kitu. Kimya kama kile lazima tukiandike kwa mukono sisi wenyewe, jina kwa jina, kwa kuangalia nani alisema katika redio za hapa na nani alizima telefone.

Wakenya walituonyesha kitu Juni 2024. Tarehe 25 Bunge lao lilipitisha muswada wa fedha kwa kura 195 dhidi ya 106, na mara moja vijana walikuwa na majina ya wote, nani ndiyo, nani hapana. Watu walikufa siku ile, na sitaki yafike kwetu. Nataka tuone kitu kimoja tu: kesho yake prezida Ruto alikataa kusaini ule muswada, na wabunge waliokuwa wamesema ndiyo walilazimika kujieleza majimboni kwao kwa majina yao. Hakuna aliyeweza kusema siyo mimi. Na ilikuwa ni sheria ya kodi, ya mukate na mafuta, wala si kura ya kiti cha mutu.

Hii yote ina uzito zaidi sasa kuliko miaka iliyopita. Prezida Tshisekedi alisema Kisangani Oktoba 2024 kwamba Katiba ibadilishwe, na Novemba akarudilia hapa kwetu Lubumbashi. Njia ni mbili, referendum, ao Bunge na Senat wakiketi pamoja kama Kongre na kupata watatu kwa kila watano. Kama ni njia ya pili, sisi raia hatutaulizwa kitu, watajibu madepite na masenateri peke yao kwa niaba yetu, na artikli zinaweza kuja tena ndani ya furushi moja kama 2011. Redio zetu, maveranda ya vyuo, komisyo za haki na amani za maparokia, waandishi wa habari wanaopanda Kinshasa kila sesyo, waanze kuzoea kuomba karatasi ya majina kwa sheria ndogo, ju siku ya sheria kubwa ni kuchelewa. Waanze na bije, na swali lao kwa kila onorable wa Haut-Katanga anayeshuka kwenye uwanja wa ndege wa Luano mwisho wa Desemba liwe fupi: artikli 175, ulileta rekebisho gani katika komisyo, na jina lako lilipoitwa ulijibu nini?